Vioo Juu

Nje ya Barka, pale barabara inapoacha mitende
na kubaki na nguzo za umeme tu,
bustani ya wanyama imevikwa taa
nyeupe, nyekundu, kijani, kwa siku ya taifa.
Mwaka huu hakuna kushuka.
Gari moja, familia moja, vioo juu,
nami langoni na kipimajoto
nalenga vipaji vya nyuso kama askari mwenye haya.

Thelathini na sita nukta nne. Pita.
Thelathini na sita nukta saba. Pita.
Mtoto amelala; nampima ndotoni. Pita.

Taa tulizitundika mimi na Rajendran,
siku kumi na moja, ngazi moja,
tukiachana hatua mbili kama ilivyoamriwa,
ingawa usiku tunalala wanane chumba kimoja.
Alisuka twiga wa waya na balbu
mrefu kumpita twiga mwenyewe.
Twiga mwenyewe akamnusa,
umeme ukamfinya puani,
tangu siku hiyo anampa mgongo.
Korongo wamepoteza saa ya kulala:
wanabadilisha mguu, wanabadilisha tena,
kama watu kwenye foleni ya benki.

Nyani alinijua kwa ndevu.
Tangu nivae barakoa ananitolea meno.
Juzi niliishusha, kidogo tu, hadi kidevuni,
akaketi, akanitazama sana,
nikaipandisha upesi. Kwenye chumba cha kamera
yuko Sulaiyim, na faini ni nusu ya mshahara.

Aliyeshindwa kabisa ni fisi.
Siku tatu hakugusa nyama,
alizunguka uzio hadi nyayo zikachimba mfereji.
Usiku wa nne mshipi mmoja wa taa ukafa
juu ya kona yake. Panya, labda, au unyevu,
au mkono wa mtu. Mimi sijui lolote.
Rajendran akaja na ngazi.
Nikamwambia, acha.
Akaniangalia, akaiangalia kona,
akabeba ngazi yake akaenda kula.

Alhamisi walimzika mama, Taveta.
Kipimajoto mkono wa kulia, simu wa kushoto.
Watu kumi na watano, nimewahesabu,
na afisa wa afya ndani ya nailoni nyeupe.
Mtandao ukakwama jeneza likiwa nusu:
halijashuka, halijabaki.
Honi nyuma.
Thelathini na sita nukta tano. Pita.

Likaja gari la kijivu, bibi kiti cha nyuma.
Kioo kikashuka vidole viwili.
"Weye mtu wa bara," akasema,
"nimekusikia ukihesabu."
Kiswahili cha Wete, alichokunja akiwa na miaka tisa
na kukiweka sandukuni bila kukivaa sana.
"Hawa wanyama wanalala saa ngapi?"
Hawalali, bibi.
"Na wewe?"
Nikampima. Thelathini na sita kamili.
"Pole, mwanangu," akasema, kioo kikapanda.
Pole ya nini, sijui.
Sikuwa nimemwambia mtu.

Gari likaenda taratibu,
likapita ngamia wa balbu, jambia la balbu,
birika la kahawa linalomimina mwanga usioisha.
Kwenye kona ya fisi likasimama.
Nikadhani limeharibika, nikashika redio.
Kumbe amemwamuru dereva azime taa.
Likawa giza, la upana wa gari moja na fisi mmoja.
Wa nyuma akapiga honi,
akapiga tena,
kisha akachoka. Sijui, au akaona.

Kama fisi alilala, sikushuhudia.
Asubuhi nyama ilikuwa imeliwa,
mfupa umefukiwa mchangani karibu na uzio,
na juu yake balbu moja ya kijani
iliyodondoka usiku,
imetafunwa,
ikatemwa.